Ahadi Isiyotamkwa: Historia ya Uchumba kutoka Matapato hadi Kitengela

Wawili wakiachana Kitengela baada ya kuishi pamoja miaka mitatu au minne, majirani hawakawii kutoa hukumu. Kijana alikuwa tapeli, au binti alikuwa na haraka ya kuitwa mke. Mchungaji atasema vijana wamemsahau Mungu. Wazee watasema wamesahau mila. Hukumu hizi zote zinatafuta kosa ndani ya moyo wa mtu mmoja, ilhali jambo lenyewe limekuwa likijengeka kwa zaidi ya miaka mia moja. Hoja yangu ni kwamba mmoja akidhani amechumbiwa na mwenzake akidhani wanastarehe tu, mara nyingi hapo hapana mwongo. Pana watu wawili waliorithi alama tofauti za ahadi, wakakutana mahali ambapo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwauliza wamekubaliana nini. Historia ya Kajiado, kaunti ya Kenya ulimo mji wa Kitengela, inaonyesha jinsi ahadi iliyokuwa ikitamkwa mbele ya mashahidi ilivyogeuka kuwa jambo la kukisiwa chumbani, na pia kwa nini dawa yake si kurudi tulikotoka.

Tuanze kusini mwa kaunti, nchi ya Wamaasai wa Matapato, ambako mwanaanthropolojia Paul Spencer alifanya utafiti uliozaa kitabu chake cha mwaka 1988. Katika mpangilio wa rika, mapenzi na ndoa vilikuwa vitu viwili, na kila mtu alivijua hivyo. Morani alikuwa na wapenzi miongoni mwa wasichana ambao hawajatahiriwa. Waliimba pamoja, wakacheza pamoja, na shanga alizovaa msichana ziliweza kusema mengi kuhusu nani anapendwa na nani. Lakini morani haoi mpaka wakati wa rika lake ufike, na msichana naye hutolewa kwa mume ambaye mara nyingi ni mzee kuliko yule aliyeimba naye. Kwa hiyo msichana wa Matapato au wa Ilkaputiei, sehemu ambayo ndani yake ndiko Kitengela ilikoota, hakuwa na sababu ya kuuliza kama mpenzi wake atamwoa. Jibu lilikuwa limetolewa na jamii kabla wao wawili hawajakutana. Machozi yalikuwepo, na nyimbo za huzuni pia, ila machozi hayo hayakutokana na kutoelewa.

Ndoa yenyewe ilikwenda kwa hatua ambazo hakuna aliyeweza kuzifasiri vingine. Upande wa mwanamume ulipeleka zawadi ndogo ya kwanza kuonyesha nia, ukarudi na asali ya kutengenezea pombe ya wazee, ukarudi tena na mifugo. Ukoo ulichunguzwa ili watu wa damu moja wasioane. Kila mnyama aliyetolewa alizaa uhusiano: aliyepewa kondoo na aliyemtoa waliitana tangu siku hiyo kwa jina linalotokana na kondoo huyo, na vivyo hivyo kwa ng'ombe, kiasi kwamba salamu ya asubuhi peke yake iliwakumbusha wakwe deni lililo kati yao. Siku ya kuondoka, bibi arusi alibarikiwa na wazee, akatembea polepole kuelekea boma la mumewe, akiwa amekatazwa kugeuka kutazama nyuma. Ahadi ilikuwa na mifugo inayohesabika, mashahidi wanaojulikana kwa majina, na siku isiyosahaulika. Mtu angeweza kuichukia ndoa yake, lakini asingeweza kudai kwamba hakujua ilianza lini.

Hapa pana pingamizi zito, na halistahili kupitwa haraka. Uwazi huo ulinunuliwa kwa kumnyima binti sauti. Wengine waliposwa wangali watoto, na kukubaliana kwa wazee hakukuwa kukubali kwa mwenye kuolewa. Ushahidi uko Kajiado mjini penyewe, ambako shule ya bweni ya wasichana ya kanisa la AIC, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilikuja kuwa kimbilio la wasichana wanaokwepa ukeketaji na ndoa za utotoni, na mwalimu mkuu wake, Priscilla Nangurai, akajulikana nchini kwa kuwapokea na kuwatetea mbele ya baba zao. Msichana aliyetembea usiku kufika kwenye lango la shule hakuwa na shaka yoyote kuhusu alichotarajiwa kufanya. Alikijua vizuri, ndiyo maana akakimbia. Kwa hiyo siwasifu wazee kwa kila walichofanya. Nasema walikuwa na vitu viwili, uwazi na shuruti, na historia iliyofuata iliuondoa uwazi haraka kuliko ilivyoondoa shuruti.

Mwanzo wa kuvunjika kwa uwazi huo ulikuwa sheria. Serikali ya kikoloni iliyowahamisha Wamaasai kwa mikataba ya 1904 na 1911, ikawakusanya katika hifadhi ya kusini, ndiyo hiyo hiyo iliyoleta aina mbili za ndoa katika nchi moja. Kuanzia 1902 palikuwa na ndoa ya sheria, yenye cheti na mke mmoja, na kando yake palikuwa na mila. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Robert Hamilton alikataa kuihesabu ndoa ya kimila kuwa ndoa: kwa maoni yake ilikaribia zaidi kumnunua mke, kwa hiyo mwanamke aliyeolewa kimila angeweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kinga ambayo mke wa ndoa ya cheti alikuwa nayo. Kwa uamuzi huo, ng'ombe waliopokewa na asali iliyonywewa mbele ya ukoo mzima vilikosa uzito mbele ya hakimu. Tangu hapo mtu aliweza kuwa mke nyumbani na asiwe mke mahakamani. Mfarakano wa matarajio tunaoulaumu leo kwa vijana ulianzia kwenye benchi la jaji.

Pigo la pili lilikuwa mshahara. Nairobi ya wakoloni ilimtaka mfanyakazi Mwafrika aje peke yake, alale kwenye kitanda cha kukodi, alipwe ujira wa mtu mmoja, kisha arudi kwao. Kamati ya mishahara ya mwaka 1954, inayokumbukwa kwa jina la mwenyekiti wake Carpenter, ndiyo iliyopendekeza wazi kwamba mfanyakazi alipwe cha kutosha kutunza mke na watoto mjini. Kabla ya hapo ndoa ilichukuliwa kuwa mambo ya kijijini. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya enzi hiyo, ameonyesha jinsi wanawake waliokodi vyumba walivyouza pamoja na kitanda chakula, maji ya kuoga na mazungumzo, yaani sura nzima ya nyumba. Hapo ndipo mji ulipotufunza jambo jipya: kupikiwa, kufuliwa na kulala chini ya paa moja kunaweza kutokea pasipo ndoa. Kijijini matendo hayo yalikuwa ndoa yenyewe. Mjini yakawa huduma, au urafiki, au ndoa, kulingana na nani anayaangalia. Mgeni aliyetoka kijijini alileta macho ya kijijini.

Uhuru haukuziba pengo hilo. Tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka iliundwa mwaka 1967, na mswada wa kuziunganisha ukafika Bungeni mwaka 1976 na tena 1979, ukakataliwa mara zote mbili. Wakati huo huo, mwaka 1969, wabunge walifuta sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto gharama za malezi. Ujumbe uliowafikia vijana wa kiume ulikuwa mzito: unaweza kuahidi, kuzaa na kuondoka, na dola haitakuuliza. Ilichukua mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, kutamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Kwa takriban miaka arobaini katikati, hasara ya kutoelewana ilibebwa kwa kiasi kikubwa na upande mmoja, na anayebebeshwa hasara peke yake hujifunza kushikilia tumaini hata pale ambapo ushahidi umekwisha.

Mahakama zilijaribu kuokoa kilichoweza kuokolewa. Mwaka 1976, katika kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba watu wakiishi pamoja muda mrefu na kujulikana kama mume na mke, sheria inaweza kudhania kuwa wameoana. Ulikuwa uamuzi wa huruma, nao uliwalinda wajane wengi wasifukuzwe na mashemeji. Lakini ulileta pia tarajio jipya lililosambaa mitaani kuliko sheria yenyewe: kwamba miaka ikipita, ndoa hujifunga yenyewe. Mtu akaacha kuuliza na kuanza kuhesabu miaka.

Muongo mmoja baadaye Kenya nzima ilishuhudia kwamba hata cheti hakimalizi mjadala. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, aliyefunga naye ndoa ya serikali mwaka 1963, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong', ndani ya Kajiado. Ukoo wa Umira Kager ulidai mwili urudi Nyalgunga, Siaya, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki hiyo. Wambui alifahamu ndoa yao kama mapatano ya watu wawili waliochagua maisha ya aina yao. Ukoo uliifahamu kama tukio ndani ya nasaba ambayo hakuna mtu mmoja awezaye kujitoa kwayo. Kesi hiyo hukumbukwa kama kesi ya mazishi, nami naisoma pia kama kesi ya uchumba: tofauti iliyofunuliwa kaburini ilikuwepo tangu 1963, wakati ambapo ingeweza bado kuzungumzwa na kila aliyehusika akiwa hai.

Tufike sasa Kitengela. Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imewasajili Wamaasai katika ranchi za vikundi, ardhi ikimilikiwa kwa pamoja kwa majina ya wawakilishi. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zilianza kugawanywa, na ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akipata kipande na hati yake. Wanachama hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume. Mwanaanthropolojia Aud Talle, aliyeishi na Wamaasai wa Kajiado, alieleza katika kitabu chake cha mwaka huo huo wa 1988 jinsi mabadiliko ya ufugaji na umiliki yalivyowaacha wanawake wakipoteza nafasi waliyokuwa nayo juu ya mifugo na maziwa. Ng'ombe alikuwa na wenyewe wengi. Hati ya shamba ina jina moja. Sheria ya 1990 ikaleta eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje huko Athi River, hatua chache kutoka hapo, na Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, viwanda vya kushona vikahitaji maelfu ya mikono, mingi ya wanawake vijana. Wakazi wa Kajiado, waliokuwa 149,005 katika sensa ya 1979, walifika 1,117,840 katika ile ya 2019. Malisho yakawa ploti, ploti zikawa nyumba za kupanga.

Ndani ya nyumba hizo mambo huanza kwa hesabu kabla ya kuanza kwa maneno. Chumba ni kimoja, pazia likitenganisha kitanda na viti viwili. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mitungi ya lita ishirini inayoletwa kwa mkokoteni, kwa kuwa ya kisima ni ya chumvi. Mwanamke anafanya kazi ya zamu kiwandani, mwenzake anaendesha bodaboda au anajenga. Kodi mbili ni upotevu, basi mmoja anahamia kwa mwingine na begi la nguo. Kitanda ni cha mwanamume, mtungi wa gesi na televisheni vimetoka kwenye chama cha mwanamke. Mwenye ploti anaandika jina la mmoja katika kitabu cha risiti. Katika siku hiyo ya kuhama, mmoja anaona kwamba amepunguza gharama. Mwingine anaona kwamba ameolewa, na kilichobaki ni kwenda kuwaona wazazi Desemba. Desemba inafika, pesa hazijatosha, safari inasogezwa. Hakuna aliyedanganya mpaka hapo. Lakini kila mwezi kodi inapolipwa, mmoja anaihesabu kama akiba ya ndoa na mwingine kama kodi tu.

Zaidi ya hayo, wapangaji wa Kitengela hawakuja na mila moja. Kwa Mkamba, mbuzi wa ntheo ndio wanaoithibitisha ndoa. Kabla yao hakuna kilichofungwa. Kwa Mkikuyu kuna ruracio, yaani mahari, na kuna ngurario, sherehe ya kuhitimisha ndoa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba ngurario isipofanyika, ndoa ya Kikuyu haijakamilika. Mjaluo ataulizwa kuhusu ayie, yaani malipo ya mama mkwe, na ng'ombe wa baba. Mmaasai ana njia yake, Mlokole ana kamati ya harusi ya kanisa. Binti wa Machakos akipelekwa kwa wazazi wa kijana huko Nyeri na kukaribishwa kwa chai na nyama, anaweza kurudi akiamini ametambulishwa kama mke, na familia ile ikaamini imemsalimu rafiki wa mtoto wao. Zamani mtu alioa kwa watu waliosoma alama kama yeye, na palipokuwa na tofauti palikuwa na mshenga wa kuzitafsiri. Mji umewaleta watu pamoja bila kuleta mshenga.

Sheria nayo ilipokuja kuzungumza, ilizungumza kwa nusu sauti. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilikusanya ndoa za Kikristo, Kihindu, Kiislamu, za kiserikali na za kimila mahali pamoja. Ikataka zote zisajiliwe. Ikasema pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha. Usajili wa ndoa za kimila ukaanza Agosti 2017. Kuhusu uchumba, kifungu cha 76 kinasema ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ila aliyepata hasara kwa kuiamini anaweza kudai fidia. Kuhusu watu wanaoishi pamoja bila ndoa, wale wa njoo tukae, sheria hiyo inaeleza maana ya kuishi hivyo, kisha haiwapi haki wala wajibu wowote. Imewatambua kwa jina na kuwaacha mlangoni.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikutana na swali hili katika kesi ya MNK dhidi ya POM. Wawili hao waliishi pamoja tangu 1986 na kugombania nyumba iliyoko Dagoretti. Aliyedai kwamba walikuwa mume na mke ni mwanamume. Mwanamke alikana, akisema alikuwa tayari na ndoa nyingine. Nalitilia mkazo hilo kwa sababu tumezoea kusimulia kwamba mwanamke hutaka ndoa na mwanamume hukwepa. Mahakama ilikataa kudhania ndoa, ikaonya kwamba ndoa ni hiari na dhana hiyo itumike kwa nadra, kisha ikagawa nyumba kwa kuangalia mchango wa kila mmoja: asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume. Ikalitaka pia Bunge litunge sheria kuhusu haki za watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu. Kwa maneno ya mitaani: miaka haiozeshi tena, lakini jasho halipotei.

Kuna wanaosema tiba ni rahisi, sheria itangaze kwamba baada ya muda fulani wanaoishi pamoja ni mume na mke. Nawaelewa, kwa kuwa wameona wajane wakitolewa vitu nje. Lakini kumwoza mtu kwa kalenda ni kurudisha shuruti ile ile ya wazee kwa mkono wa serikali. Nyumba na jasho vilindwe bila kumvika mtu ndoa asiyoikubali. Kesi ya Dagoretti imeonyesha kwamba inawezekana. Wengine husema mapenzi hayajadiliwi kama bei ya mbuzi, na kwamba kumuuliza mpenzi nia yake ni kumfukuza. Historia niliyoeleza inawajibu. Morani na mpenzi wake walijua mipaka ya uhusiano wao, na nyimbo zao hazikupoa kwa hilo. Penzi linalovunjika kwa swali la wazi lilikuwa likisubiri kuvunjika kwa gharama kubwa zaidi. Wengine tena husema kikwazo ni pesa, mahari na harusi vimepanda. Kweli kabisa, ila gharama inachelewesha sherehe, haizuii kauli. Sheria yenyewe imekubali kiasi kidogo, na mtu asiye na ng'ombe bado ana ulimi.

Kinachohitajika ni kuurudisha uwazi wa zamani bila shuruti yake. Kabla ya begi kuhamishwa, wawili waseme mbele ya angalau mtu mmoja wa kila upande, awe dada, mjomba, mzee wa kanisa au rafiki, wanaingia katika nini: uchumba wenye muda uliotajwa, au kusaidiana kodi na kujuana. Waseme ni hatua gani kwa mila ya kila mmoja ndiyo itakayomaanisha ndoa. Waseme kilichonunuliwa ni cha nani, na wakinunua ploti, majina yote mawili yaandikwe, kwa maana Kitengela ardhi inauzwa kila siku na ridhaa ya mwenzi inategemea kutambuliwa kuwa mwenzi. Makanisa na misikiti inayofundisha wachumba wiki chache kabla ya harusi iwafikie wale ambao hawajaweka tarehe. Na Bunge litimize kile ambacho Mahakama ya Juu imelitaka lifanye, kwa kuwa lilikataa mswada wa ndoa mara mbili katika miaka ya 1970 na waliolipa ni wale wasio na cheti. Vizazi vilivyotangulia Kajiado viliwaamulia vijana. Vilivyofuata viliwaacha wakisie. Kizazi hiki kina haki ya kujiamulia, na haki hiyo haitakuwa na maana mpaka kila mmoja awe tayari kutamka alichoamua, na kumsikiliza mwenzake atamke chake.